Sikukubali Karani wa Shimoni Afe

Wazee wangu, shikamooni. Nasikia marahaba mbili tatu tu, wengine midomo imejaa vitumbua. Haya, tafuneni, mimi nitasema. Wa amani nawatakia amani, wa Bwana asifiwe nawaitikia, na nyie vijana mliokaa dirishani, mambo? Mwenyekiti kanipa dakika kumi, na anajua mwenyewe kwamba hazitanitosha.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli mtupu: mwenzenu dunia yangu ilikwisha siku ya Ijumaa, kabla ya chai ya saa nne. Na aliyechapa tangazo la mwisho huo wa dunia ni mimi mwenyewe.

Msicheke kwanza. Nilikuwa karani mpiga chapa wa shirika moja la umma pale mjini, jina lake halina haja. Sisi wapiga chapa tulikuwa na maringo yetu, na ringo kubwa kuliko yote ni kwamba fundi hasa hasomi anachokichapa. Macho yako kwenye karatasi ya bosi, vidole viko kwenye mashine, akili iko nyumbani inapika. Ukianza kusoma, mwendo unapungua. Mimi nilikuwa nachapa barua ya kurasa tatu, ukiniuliza inahusu nini sijui, lakini kosa hulioni hata kwa darubini.

Sasa hizi ndizo zile siku za milango ya biashara kufunguliwa. Kariakoo imefurika vitu ambavyo zamani tulikuwa tunavisikia tu, na huku mashirika yetu yanapunguza watu. Ikaletwa orodha ya majina, nakala nne. Nikaichapa, nikaikabidhi, nikakaa kusubiri chai. Ilipobandikwa ubaoni nikaenda kuangalia na wenzangu, nimeshaandaa na maneno ya kuwapa pole wengine. Nikakuta jina langu. Nimelichapa mwenyewe, herufi zote ziko mahali pake, na sikujua!

Nikamwendea bosi. Akaniambia, "Dada, mimi nilikusifu moyoni. Nilisema huyu mwanamke ni jasiri, amechapa jina lake bila hata kutikisika." Jamani, nimkasirikie vipi mtu kama huyo?

Walituruhusu kuchukua vifaa chakavu vya ofisi. Wengine wakachukua viti, mimi nikachukua taipureta yangu. Lakini nyumbani sikuweza kwenda nayo, na hapa ndipo nilipoanguka, maana kupunguzwa kazi hakukuwa kosa langu, ila kilichofuata kilikuwa changu kabisa.

Mama yangu ni mtu wa Lindi. Tunaishi Ilala, nyumba ya vyumba sita, kila chumba na mpangaji wake, na uani kwetu ni kama bungeni. Mgeni akija kwa mama, hata hajaulizwa habari za safari ameshaambiwa, "Mwanangu yuko ofisini." Anakwenda msibani, ofisini. Anapanga foleni ya maji, ofisini. Sasa mimi ningemwambia nini? Jumatatu nikaamka, nikapaka poda, nikavaa viatu vya kisigino, nikachukua mkoba wangu, nikamwambia, "Mama, nawahi kazini."

Nilienda wapi? Kivukoni, pale Feri. Nikakaa natazama watu wanavyonadi samaki mpaka saa tisa unusu, ndiyo nikarudi. Kesho yake tena. Siku ya tatu wanadi samaki wakaanza kuniamkia kwa adabu na kuosha meza zao, kumbe wanadhani mimi ni bibi afya, nimekuja kuwakagua! Nikarudi nyumbani nanuka, mama akaniuliza, "Mbona leo unanuka samaki?" Nikamwambia ofisini tumefanya sherehe. Mnacheka, lakini nilikuwa naingia chooni kulia, halafu napaka poda upya.

Kilichoniondoa Feri ni ile taipureta. Nilikuwa nimeiacha dukani kwa mzee mmoja wa Kihindi, Kariakoo, anayeuza karatasi na riboni. Tulijuana miaka, nilikuwa nakwenda pale kuchukua vifaa vya ofisi. Siku moja akaniambia, "Dada, mashine yako inakaa bure na wewe unakaa bure. Kaeni pamoja hapo barazani." Akanipa meza. Nikaanza kuchapia watu barua: za kuomba kazi, za kuomba kiwanja, za kumwomba mke arudi. Nachapa kwa kasi na wala sisomi. Na nyumbani bado niko ofisini. Mwaka ukapita hivyo hivyo.

Ndipo akaja mwandishi. Mrefu, koti limepauka, kwapani ana madaftari matano. Akaniambia amesikia mimi sikosei, anataka nimchapie riwaya kwenye stensili, zile karatasi za nta, ili aidurufu nakala nyingi, aiuze Mtaa wa Kongo. Nikamuuliza inahusu nini. Akasema, "Ni ya watu waliobaki baada ya dunia kwisha." Nikaguna. Nikasema moyoni, watu hawana sukari, wewe unaimaliza dunia.

Nikaanza kuchapa. Wenye kuzijua stensili wananielewa, kosa kule si jambo la kufuta na kuendelea, inabidi upake dawa, usubiri ikauke, ndipo upige tena juu yake. Kwa hiyo vidole vinakwenda kwa nidhamu. Daftari la kwanza nikamaliza. La pili, katikati ya sentensi, vidole vikagoma. Nilikuwa nasoma, ndugu zangu! Tangu nimeanza kazi hiyo, mara ya kwanza nasoma.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Kishindo kimepiga, mji wote kimya, Kariakoo wamebaki watu wachache sana kwenye jengo la soko. Kundi moja liko kule chini ya ardhi, Shimoni, lina vyakula. Kundi la pili liko juu, lina tangi la maji. Katikati kuna ngazi, na hapo ngazini ndipo wanapouana. Anayetaka kupita anaulizwa, "Wewe nani?" Mmoja anajibu, mimi ni meneja. Mwingine, mimi ni katibu wa tawi. Wanaambiwa, "Hayo yamekwisha, tunakuuliza wewe." Nao wanarudi kuchukua marungu. Na kule Shimoni kuna mwanamke mmoja, karani. Kila asubuhi anajifunga kilemba, anabeba mkoba, anaenda kukaa kwenye ofisi isiyo na mlango, huko huko chini. Jioni anarudi na kuwaambia wenzake, "Leo kazi zilikuwa nyingi."

Roho ilinipaa. Nikajua nimesemwa. Mwandishi alipokuja nikamrukia hata salamu sikumpa. "Nani kakwambia habari zangu?"

"Habari zipi, dada?"

"Huyu karani! Umenifuata Feri? Umeongea na mzee wa dukani?"

Akanitazama, akavuta kigoda, akakaa. Akasema, "Dada, huyo karani ni mimi. Nilikuwa msimamizi wa zamu kiwanda cha nguo. Kimefungwa. Kila Jumatatu nakwenda getini, mlinzi ananifungulia, tunaongea mpira, narudi. Mke wangu anajua nimerudishwa kazini."

Nikaanza kucheka mimi, akafuata yeye, tukacheka mpaka mzee akatoka dukani na miwani yake kutuuliza kama tuna wazimu.

Tulipotulia nikamuuliza, kwa nini lakini umalize dunia nzima? Kwa nini usiandike tu mtu kapunguzwa kazi? Akanijibu neno ambalo nimelishika mpaka leo. "Mji ukiwa mzima, kila mtu anajificha nyuma ya meza yake. Nimezivunja meza zote ili nimwone aliyekuwa nyuma." Nikamuuliza, na vita? Maji yapo, chakula kipo, si wabadilishane? Akasema, "Wanajua. Lakini ukishabadilishana na mtu itabidi akujue. Wanaona afadhali wapigane."

Basi nikaendelea kuchapa, sasa nasoma kila herufi na mwendo umekufa kabisa. Nikafika sura ya tisa. Dari linaanguka, karani anafia ofisini kwake, mkoba mkononi. Nikaichomoa stensili kwenye mashine.

"Sichapi."

"Dada, ni hadithi tu."

"Basi ichapwe na hadithi. Mimi huyu mwanamke simuui."

Akavuta pumzi, akanisukumia daftari tupu. "Haya, muokoe wewe."

Nikajaribu siku tatu. Kumtoa chini ya dari ilikuwa rahisi, lakini nikimfikisha ngazini, akiulizwa yeye nani, kalamu inakauka. Nilijua kwa nini. Ningemwandikiaje ukweli, na mimi nilikuwa bado naondoka na poda kila asubuhi?

Mambo yakazidi kunibana. Mama akanitangazia kwamba mtoto wa mdogo wake anakuja kutoka Lindi siku ya Jumamosi, na Jumatatu nimpeleke ofisini nikamtafutie nafasi. Ameshawaahidi ukoo mzima. Binti kamaliza kidato cha nne, wamemshonea gauni la kazini. Ndugu zangu, uongo wangu wa kwanza ulikuwa unaniumiza mimi. Huu sasa ulikuwa unapandishwa basi kutoka Lindi umevaa gauni jipya.

Jumamosi mchana binti akafika. Uani wamejaa wapangaji wote, mama anachoma vitumbua vya mgeni. Yule mtoto akaniamkia kwa magoti, akanipa cheti chake kimefungwa kwenye nailoni. "Dada, shikamoo. Mama amesema nikukabidhi wewe." Nikakipokea kile cheti.

Nikasema, "Mama, ofisi hakuna."

"Imehama?"

"Haijahama. Mimi ndiye simo. Nilipunguzwa mwaka jana."

Mama akabaki kashika upawa hewani. Vitumbua vinaungua, hakuna anayevigeuza. Halafu akasema, "Mwaka jana? Na poda yote ile?"

Wapangaji wengine wakacheka, wengine wakawanyamazisha. Mama hakucheka. Aling'aka. "Nimejigamba kwenye misiba ya watu! Nimemtoa mtoto wa wenzangu kwao!" Akalia kwa hasira, nami nikalia kwa aibu, na yule binti akalia kwa sababu sisi tunalia. Lakini ndani ya kilio kile nilikuwa nahisi wepesi, jamani, kama mtu aliyevua viatu vinavyobana. Mama akajifuta na kanga.

"Sasa kutwa unakuwa wapi?"

"Kariakoo. Barazani kwa watu. Nachapa."

"Unachapa nini?"

"Barua. Na sasa hivi hadithi."

Akaketi kwenye mbuzi ya nazi. "Tusomee tusikie kilichokuwa kinakula poda."

Nikatoa karatasi mkobani, nikasoma. Nilipofika kwenye vita vya ngazi, uani kwetu pakagawanyika. Jirani wa chumba cha kwanza akasema walio juu wana haki, maji ndiyo uhai. Wa chumba cha nne akamuuliza, watakunywa maji bila kula mpaka lini? Sauti zikapanda, mtu na jirani yake karibu kukunjana kwa ajili ya watu ambao hawapo! Mama akagonga kikaango kwa upawa. "Nyamazeni! Huyo karani si anajua kuandika?"

Nikasema anajua.

"Na hao wa chini hawana hata ndugu mmoja kule juu? Walikimbia kila mtu na njia yake, lazima mke yuko juu na mume yuko chini. Awaandikie barua."

"Na akiulizwa ngazini yeye nani?"

Mama akanitazama kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kanga. "Aseme, mimi naandika barua. Wewe una wa kumwandikia?"

Ndugu zangu, nywele zilinisimama. Nikaandika pale pale, daftari gotini, na yule binti akinipokea karatasi. Barua zikaanza kupanda na kushuka ngazi, na kila mwenye rungu akawa na barua anayoisubiri kutoka upande wa pili. Wakachoka wenyewe kupigana. Jumatatu mwandishi akaisoma sura hiyo kasimama, akasema, "Umeniharibia vita vyangu," huku anafuta macho.

Kitabu kikadurufiwa, kikatandazwa Mtaa wa Kongo juu ya gunia. Wiki haikuisha, akaja barazani baba mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa forodhani. Amekasirika: "Nani kawapa habari zangu?" Akaja tarishi wa benki. Akaja nesi. Kila mmoja anasema karani ni yeye. Tuliwakalisha, tukawapa chai, wakacheka kama tulivyocheka sisi, mpaka baraza halikututosha, ndipo tukaazimwa darasa hili kila Jumapili. Ndiyo asili ya mkutano wetu.

Nashukuru. Mzee wa dukani, ulinipa meza nilipokuwa sina jina la kujiita, asante sana baba. Mwandishi wetu, uliivunja dunia kwenye daftari ili sisi tupate pa kusemea, asante. Mdogo wangu wa Lindi, simama wakuone hiyo mikono, nyeusi ti kwa wino, maana mashine ya kudurufu sasa ni yake, na lile gauni la kazini kalitia madoa lote. Na mama, ambaye siku hizi msibani anasema, "Mwanangu anaandika vitabu, na mimi namsahihisha." Mama, nakupenda, lakini ni sura moja tu uliyoisahihisha!

Somo langu ni fupi. Mwambie mtu mmoja. Mmoja tu, mchana kweupe, na chakula kikiwa karibu. Ukishindwa kusema lako, anza kwa kusimulia la mtu wa kwenye hadithi, utashtukia umefika.

Namalizia. Kuna kaka kule nyuma karibu na mlango, leo ndiyo mara yake ya kwanza. Amevaa tai Jumapili, na ana faili magotini ambalo tangu amekaa hajalifungua. Kaka yangu, hapa hatumlazimishi mtu. Vitumbua vipo, chai bado ya moto. Mimi nakaa upande huu, na hiki kiti cha mbele nimekiacha wazi.