Chale za Muhogo wa Kabula

Marehemu Kabula Jilala alizaliwa tarehe 14 Machi 1986 hapa Migato, enzi hizo wilaya yetu ya Itilima ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Bariadi. Mvua ilikuwa inanyesha, akapewa jina la mvua. Alikuwa mtoto wa pili wa Mzee Jilala na Mama Felisita.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini, sekondari Bariadi mjini, na kilimo huko Morogoro, akahitimu mwaka 2010. Akaajiriwa kuwa mtafiti wa batobato, ugonjwa unaokunja majani ya mihogo yetu. Kazi hiyo ilimchanganya baba yake tangu mwanzo. Marehemu alimweleza kwamba muhogo ukiingiliwa na kirusi, huvipiga vinasaba vya kirusi hicho alama ndogondogo, nacho kikanyamaza, na majani mapya yakatoka safi. Mzee aliposikia alama, akili ikaenda kwenye chale. Kesho yake alichukua wembe, akauchanja muhogo mgonjwa nyuma ya nyumba.

Lo! Muhogo ukapona.

"Baba, anayepigwa alama ni adui, siyo mgonjwa! Na muhogo unafanya wenyewe," marehemu alisema, akicheka mpaka machozi.

"Sasa mbona umepona nilipouchanja mimi?"

Ubishi huo haukuisha, na majirani nao wakaanza kumwita Mzee awachanjie mihogo yao.

Tarehe 8 Agosti 2015 Kabula alifunga ndoa na Joakim, wakajaliwa binti, Goodness.

Mei 2024 aligundulika ana saratani ya damu. Alitibiwa Mwanza, kisha akarudishwa nyumbani. Baba yake, akiwa amechanganyikiwa kabisa, alimwuliza: "Muhogo ulimtambua adui yake ukamnyamazisha. Damu yako wewe imeshindwaje, mwanangu?"

Marehemu alimshika mkono. "Sijui, baba. Hata mimi sielewi."

Alifariki tarehe 3 Februari 2025.

Jana wakati wa kupima kaburi, uzao wa muhogo ule aliouchanja Mzee ulikutwa katikati kabisa ya eneo lililopimwa. Vijana walipoinua majembe, Mzee alisimama mbele yao. "Huo haung'olewi. Sogezeni kaburi." Likasogezwa.

Kabula ameacha wazazi, mume, binti, na kaka yake Masele anayewasomea haya. Mzee anaomba kila mji, yaani kila kaya, uchukue pingili ya muhogo huo ukapande. Anasema mpaka leo hajaelewa vizuri. Ila tafadhalini sana, msiuchanje. Mwanawe alisema unafanya wenyewe.

Kabula wetu apumzike kwa amani.