Mama Kapinga Hajakaa Chini

Risala ya kikundi cha Mama wa Mafiga, Kolwezi, kwa Mchungaji Nkongolo, kiongozi wa safari ya utume kwenda Msumbiji

Mgeni rasmi, Tata Mchungaji Nkongolo, Mama Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu zetu wa kwaya mliokwisha kupata nafasi katika gari, na ninyi majirani mliofuata harufu ya sombe, majani yetu ya muhogo: amani iwe kwenu nyote.

KARIBU

Tata Mchungaji, tunajua umetoka Lubumbashi alfajiri na barabara imekutikisa vya kutosha. Chakula kiko tayari. Ila kwenye kikundi chetu mgeni husikiliza kwanza, ndipo anakula, maana tumeshaona kwamba mgeni aliyeshiba husinzia katikati ya risala. Usitukasirikie.

Tuna ombi moja tu, na hatutalificha mpaka mwisho. Linamhusu yule mama unayemwona kule nyuma, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki cha bluu wakati sisi wote tuko kwenye mikeka. Anaitwa Mama Kapinga. Tunaomba naye aende Msumbiji. Sasa turudi nyuma, tueleze vizuri.

SISI NI NANI

Sisi ni mama tunaopika kwenye parking ya malori, pale mji unapoishia. Wengi wetu ni watoto na wajukuu wa watu wa Kasai walioletwa kwa treni kufanya kazi ya mgodi. Wengine tumetoka Sandoa na Mutshatsha. Malori yanayobeba shaba mpaka bandari ya Beira, Msumbiji, husimama mbele ya sufuria zetu. Beira hatujaiona, lakini tumewalisha wanaotoka huko miaka mingi, mpaka tunaizungumza kama mtaa wa pili kutoka hapa.

Kimbunga kilipoipiga nchi ile, madereva ndio waliotuletea habari. Walifika wachache, wakala kidogo, hawakutania mtu. Sisi ndio tuliokwenda kuliomba kanisa lifanye jambo. Kati yetu wako waliokuwa watoto miaka ile watu wa Kasai walipofukuzwa huku kwetu, wakalala stesheni ya Kolwezi juu ya vifurushi wakingoja treni. Mpaka leo wanamkumbuka mama mmoja wasiyemjua jina, aliyekuwa akiwapelekea uji. Wanajiuliza alikuwa nani, na nani alimtuma. Pengine hakutumwa na mtu.

MATAYARISHO

Tulianza kwa kukosea. Kwetu ukisikia kilio huendi mikono mitupu: unabeba makala, yaani makaa ya kupikia, au unga, unabeba mkeka, unakaa chini pamoja na wafiwa. Basi tukakusanya makala. Magunia yakajaa ofisi ya kanisa mpaka mlango ukakataa kufunguka. Tata Lukusa wa kamati ya safari alishika kichwa.

"Bamama, makala mpaka Msumbiji? Ku mipaka yote ile? Badouane, bale ba ushuru, batasema tunaenda kuuzisha!"

Tulikuwa bado tunabishana naye, Mama Kapinga akauliza kwenye kiti chake, "Nani aliwambia kama bale bantu beko mu kilio? Mulibauliza?"

Hatukuwa tumewauliza. Tulikuwa tumewalilia tu, kwa mbali. Ndipo tukaanza kuwahoji madereva, kila sahani ya bukari, ugali wetu, na swali lake. Wakasema watu wale wamezika waliowaona, wamelia, na sasa wanagongelea mabati. Wanahitaji misumari, sabuni, sufuria na mbegu za mahindi. Tukauliza kama wanaoa, maana kwenye kilio watu hawaoi. Dereva mmoja akacheka, akasema wanaoa sana.

Vitu hivyo sasa viko tayari, vimefungwa, mtaviona baada ya chakula. Makala yalibaki. Ndiyo yaliyopikia chakula chako cha leo.

TUNAYOTAKA KUJUA

Tata Mchungaji, tangu tuanze kuuliza hatujaweza kuacha. Tunaomba wasafiri waturudishie majibu, si salamu tu.

Tunaambiwa kule sombe wanaipika na nazi. Mwenzetu Mama Josée hakuamini, akamwita dereva mwongo mbele ya wenzake. Sasa anataka mtu mzima wa kanisa aonje na kushuhudia. Tunataka kujua bahari ikitulia inakuwaje. Sisi maji makubwa tunayoyajua ni mto Lualaba na ziwa la Nzilo, na yale yanayojaa kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba wakati wa mvua, na hayo yote yana ng'ambo. Tunataka kujua upepo unawezaje kung'oa paa la kanisa ukaacha kengele mahali pake. Tunataka kujua mtu aliyepoteza nyumba anamkaribisha mgeni wapi. Mama Elise yeye amejifunza kusalimia kwa Kireno, na anatusalimia sisi tangu asubuhi mpaka tumechoka.

Hapo zamani, utume tuliuelewa kuwa ni kwenda kuwaambia watu. Sasa tunaona una maswali mengi ndani yake, na tumeanza kuupenda hivyo.

TATIZO

Mama Kapinga ana mtoto mmoja wa kiume, Rémy. Sisi sote tumemlea, alikua katikati ya mafiga yetu, akapenda malori kwa kuyaona kila siku. Alikuwa akipeleka shaba Beira. Siku za kimbunga alimpigia mama yake simu akasema mvua ni kubwa, barabara imekatika, amesimamisha lori, atapiga tena. Hakupiga. Baadaye lori lilionekana, kabini ni tupu. Yeye hakuonekana, mzima wala maiti.

Ndugu za marehemu mume wake walikuja na mikeka na makala ili matanga yaanze. Unajua desturi yetu: mama mfiwa hukaa chini, na akishakaa chini msiba umekubaliwa. Mama Kapinga aliwapokea akiwa amesimama. Akawaambia maneno haya tuliyoyasikia wote:

"Nani alimuona? Kama muntu hakumuona, mi siwezi kuikala chini. Mikeka mubebe. Makala muache, bashofere beko na njaa."

Na kweli aliwapikia madereva kwa makala ya matanga ya mtoto wake. Tangu siku ile hajakaa chini. Kwenye ibada ya mama, kwenye ngoma, kwenye misiba ya wengine, anatembea na kile kiti cha bluu. Watu wanamcheka. Sisi pia tulicheka mwanzoni, kisha tukaacha, maana tulimwona anavyokisogeza kiti kila lori la Beira linapoingia, ili aone uso wa dereva.

Tata Mchungaji, kamati imekataa asafiri. Wengine wamesema mwenye msiba hatoki nyumbani mpaka matanga yaishe. Lakini matanga hayajaanza, yataishaje? Wengine wamesema yeye haendi kwa ajili ya Injili, anamtafuta mtoto wake. Sisi hatukusoma teolojia, tunauliza tu kama watu wanaotaka kuelewa: mambo hayo mawili hayawezi kukaa katika gari moja? Kule mnakokwenda kuna mama wangapi wanaoangalia nyuso za wapita njia? Mhubiri atawaambia nini ambacho Mama Kapinga hatawaambia kwa kukaa nao tu?

Hatusemi Rémy yu hai. Tunaogopa, tunasema wazi. Usiku mwingine tunamlilia kwa siri ili mama yake asitusikie. Kama kuna kaburi, acha alione mwenyewe, akae chini pale, na mama wa kule wakae naye. Sisi tutakaa huku.

OMBI

Kamati imesema wewe peke yako ndiwe unayeweza kubadilisha neno lao. Tunaomba umtazame, umwite mbele yako, na useme wewe kama huyu ni mfiwa au ni mama aliye njiani. Kupika anajua, atawapikia wasafiri wote, na sombe ya nazi ataionja kwa niaba ya Mama Josée. Tata Lukusa anasema viti vya gari vimejaa. Neno hilo tulimpelekea Mama Kapinga jana, tukidhani litamvunja moyo. Alikuwa anaosha sufuria, hata hakugeuka.

"Kiti?" akasema. "Mi niko na yangu."

Mungu aiongoze barabara yenu, awape njaa ya kula kwa watu na masikio ya kuwasikia, na awarudishe wote mliotoka, pamoja na yule ambaye bado hatujajua kama tumtaje.

Ni sisi, Mama wa Mafiga wa Kolwezi, tuliokaa chini tukisubiri neno lako.