Ardis Kvamme na Nyama ya Kopo ya Wifi Yake

Wasikilizaji wapendwa, kahawa iwe mezani, na aliye karibu na redio aongeze sauti kidogo. Mimi ni Loren Skaar. Leo sisomi bei za mahindi wala habari za theluji. Leo tunamkumbuka Ardis Kvamme. Ardis Kvamme wa hapa hapa Nordby, mke wa marehemu Selmer, mama yake Janelle. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na umri wa miaka tisini na moja. Tumemzika Jumamosi.

Nitasimulia habari zake kama alivyotaka mwenyewe. Kiangazi kilichopita nilimkuta barazani kwake akimenya maharage. Akanielekezea kisu. "Loren, nikifa usinipake asali," akasema. "Sema nilikuwa na wivu. Mji mzima unajua. Ukificha, watakucheka wewe, si mimi."

Basi nasema. Ardis Kvamme alikuwa na wivu. Na wivu wake ulikuwa juu ya nyama ya kopo.

Vijana, msicheke. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nyama mbichi ilipatikana kwa mgawo, na akina mama wa mji huu walijifunza kupika kilichopo. Kilichopo kilikuwa nyama ya nguruwe ndani ya kopo la bati, unaifungua kwa ufunguo wake, inateleza nje kama tofali la rangi ya waridi. Ardis aliolewa mwaka ule ule Selmer alipopelekwa vitani, visiwani huko Pasifiki. Akabaki na mama mkwe na makopo. Akajifunza. Aliichora mikato juu, akaichomeka karafuu, akaipaka sukari guru na haradali, akaioka na mapichi mpaka ikang'aa. Hakuna aliyempita. Kwenye karamu ya mavuno ya kanisa, sinia la Ardis ndilo lililokwisha kwanza. Mwaka hadi mwaka, la kwanza kwisha.

Selmer aliporudi salama, mkewe alimwekea mezani sinia hilo kwa fahari. Selmer akalitazama, akaweka uma chini. "Mke wangu," akasema, "nimekula kitu hiki miaka mitatu, asubuhi na jioni. Nimevuka bahari nzima nikikikimbia. Kumbe kimenitangulia nyumbani!"

Lakini alikula. Selmer alikuwa mtu mwema.

Halafu akaja Delphine.

Ardis alikuwa na kaka mmoja tu, Orvin Brekke, na Orvin alikwenda kutafuta mke mjini, Saint Paul. Akarudi na Delphine. Hakuwa Mnorwei kama sisi wa hapa. Hakuwa hata Mlutheri, mpaka alipoolewa. Alikuwa mwembamba, anacheka kwa sauti, anavaa viatu vyekundu kanisani. Ardis alimpokea vizuri. Alimwita wifi, akampa mapazia.

Ikafika karamu ya mavuno. Delphine naye akaleta chakula chake. Nyama ya kopo, ile ile, lakini ameikata vipande vidogo, ameichanganya na tambi, supu ya kopo ya uyoga na jibini, na juu amemwaga krispi za viazi zilizopondwa. Imeokwa, inachemka pembeni. Wazee wakapanga foleni. Wakarudia. Mchungaji akakwangua kona za bakuli kwa kijiko. Na sinia la Ardis, na karafuu zake zimesimama kama askari, likabaki nusu.

Na mtu wa kwanza kurudia chakula cha Delphine alikuwa Selmer.

"Nilimwona," Ardis aliniambia, na hapo Selmer alikuwa kaburini miaka ishirini. "Alizunguka nyuma ya nguzo akidhani simwoni. Kitu cha kopo alichosema amekikimbia bahari nzima! Donge lilinikaa hapa kooni, Loren, na halijashuka."

Wasikilizaji wapendwa, wivu wa namna hiyo haulali. Ardis akaanza kubuni. Akasaga nyama ya kopo na kuifunga ndani ya kabichi. Akaikaanga na mananasi. Akaitengeneza kama mkate, akaipaka jibini laini kama keki ya harusi. Yaliyobaki aliyapeleka nyumbani, na Selmer akaamriwa kuyamaliza. Janelle, bintiye, anakumbuka baba yake akisema taratibu, "Mama Janelle, mbwa naye ana haki zake."

Kisha ikaja ile jeli. Askofu alikuwa anatutembelea, na Ardis aliapa kwamba mwaka huo Delphine atamtambua. Akagandisha jeli ya ndimu, ya kijani, na ndani yake vipande vya nyama ya kopo na zeituni vikaelea. Akaisimamisha kama mnara. Ukumbi wa chini wa kanisa una joto, mnaujua. Mnara ukaanza kutikisika wakati wa sala. Askofu aliposema amina, ukaanguka wote kwenye mkono wa joho lake.

Askofu akatazama mkono wake. "Mama," akauliza, "hiki ni cha kula au cha kutazama?"

Aliyecheka kwanza ni Delphine. Hakucheka kwa ubaya. Hivyo ndivyo alivyocheka kila kitu. Akakimbia na kitambaa, akamfuta askofu, na askofu akaishia kula kwenye bakuli la Delphine. Ardis akaenda kukaa garini mpaka karamu ikaisha.

Mwaka uliofuata, elfu moja mia tisa hamsini na tano, kampuni moja ya nyama za kopo ikatangaza shindano. Sitaitaja, haipo tena. Wapishi watakaochaguliwa wapike mbele ya majaji, na mshindi apewe jiko la umeme, jipya, jeupe, lenye saa mbele. Kwa wilaya yetu walichaguliwa wawili. Ardis Kvamme na Delphine Brekke. Wifi na wifi.

Wakapika siku moja, jiko moja, kwenye ukumbi wa shule. Delphine akabandika maji ya tambi. Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo ilipo habari yenyewe. Nyama ya kopo ina chumvi nyingi. Ndiyo maana Delphine hakutia chumvi hata chembe kwenye maji ya tambi. Hakutia kamwe. Na Ardis, aliyekuwa amemchungulia miaka yote ile, alilijua hilo.

Delphine akatoka kumsalimia mumewe mlangoni. Jikoni akabaki Ardis. Chungu kikichemka. Kopo la chumvi liko karibu na mkono wake.

Akatia konzi nzima.

Majaji walipoonja chakula cha Delphine, mmoja alikohoa. Wa pili akaomba maji. Wa tatu, bwana mstaarabu, alimeza huku machozi yakimlengalenga. Ardis Kvamme akatangazwa mshindi. Wapiga picha wakaja. Delphine akachukua kijiko, akaonja mwenyewe. Akasimama pale, kijiko kinywani. Akamgeukia Ardis, akamtazama.

Jiko likaletwa kwa lori. Jeupe, lina saa. Mnadhani wivu ulikwisha? Majirani walimwonea Delphine huruma. Walimpelekea keki, walimpelekea maua. Hakuna aliyempelekea Ardis kitu, kwani mshindi anahitaji nini? Basi akamwonea Delphine gere hata kwa kushindwa kwake. Hayo ni maneno ya Ardis, si yangu.

Mwezi wa Novemba, mwaka ule ule, Orvin alikuwa akivuna mahindi. Mashine ikakwama. Akaingiza mkono bila kuizima. Wakulima mnaonisikiliza, mnajua kilichofuata. Orvin Brekke alipoteza mkono wa kulia hadi juu ya kiwiko, na kwa muda haikujulikana kama atapona. Delphine akaenda naye hospitali, mbali, akakaa kando ya kitanda chake. Watoto wao watatu wakaletwa kwa shangazi yao Ardis.

Ardis akawapikia kwenye jiko jeupe. Akawatolea nyama yake inayong'aa, na karafuu, na mapichi. Wakala mapichi. Binti mkubwa, Marcia, akasukuma sahani.

"Shangazi, hii si kama ya mama."

"Mama yako hayupo. Kula."

"Najua hayupo."

Mdogo akaanza kulia, na wa kati akamfuata. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kesho kutwa, hivyo hivyo. Ardis alijaribu kuiga kile chakula, tambi na uyoga na kila kitu, lakini watoto wakaonja na kutikisa vichwa. Ndani ya nyumba yake, mbele ya jiko lake la ushindi, mwanamke asiyekuwepo alikuwa akimshinda.

Mwishowe akamwachia Selmer watoto, akaendesha gari kwenye theluji hadi hospitali. Alimkuta Delphine kwenye benchi la korido, viatu vyekundu vimelowa. Ninayaeleza kama Delphine alivyonieleza, na Ardis naye hakuyabisha.

"Watoto wazima?" Delphine akauliza.

"Wazima. Hawali. Wifi, nifundishe."

"Nikufundishe nini? Wewe si mshindi?"

"Nifundishe wanachokula."

Delphine akamtazama, kama alivyomtazama siku ya majaji. "Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Unajua. Maji ya tambi hayajitii chumvi yenyewe, Ardis."

Ardis akakaa chini, pale pale kwenye sakafu ya korido, na koti lake. Akasema. Akasema juu ya chumvi, na juu ya Selmer nyuma ya nguzo, na juu ya keki za majirani. Manesi walipita wakimzunguka. Alipomaliza, hakuomba msamaha, kwa sababu, alivyoniambia, aliona aibu hata kuomba.

"Umemaliza?" Delphine akauliza.

"Nimemaliza."

"Basi sikiliza. Nyama iloweke kwenye maziwa tangu asubuhi, itoe chumvi. Halafu ikaange na vitunguu mpaka iwe kahawia, ndipo uchanganye. Na Marcia hapendi uyoga, mtolee wake pembeni." Kisha akaongeza, "Sijakusamehe. Nenda kawalishe watoto wangu."

Ardis akarudi, akaloweka, akakaanga, akaoka. Watoto walikula kimya. Marcia akasogeza sahani tena, akaomba aongezewe. Ardis akamwongezea, kisha akatoka barazani akasimama kwenye baridi. Janelle alimchungulia dirishani akadhani mama yake analia kwa furaha. "Furaha gani?" Ardis alimwambia miaka mingi baadaye. "Nilikuwa nimeshika roho yangu isipasuke. Kilikuwa kitamu, mwanangu. Kilikuwa kitamu kuliko changu."

Orvin alipona. Alilima kwa mkono mmoja, na wengi wenu mnamkumbuka. Baada ya Krismasi, kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, Ardis alisimama na kueleza alichofanya. Hakupunguza kitu. Kesho yake Selmer na majirani wakapakia jiko jeupe kwenye lori, wakalipeleka kwa Delphine.

Delphine akawazuia mlangoni. "Lirudisheni," akasema. "Nilitaka kushinda. Sikutaka jiko."

Likarudi. Ardis akalitumia maisha yake yote, na hakuna siku, alisema, lilipowaka bila kumwuma.

Wasikilizaji wapendwa, napenda niwaambie kwamba wivu uliishia hapo. Haukuishia. Kila msimu wa mavuno wifi hawa walisimama ubavu kwa ubavu nyuma ya meza, kila mmoja na bakuli lake, kila mmoja akilipima la mwenzake kwa jicho la pembeni. Wanasema fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa. "Lako limebaki, wifi." "Lako limeungua, wifi." Orvin alipofariki, Ardis alihamia kwa Delphine majira yote ya baridi, wakigombana juu ya vitunguu. Selmer alipofariki, Delphine alikuja yeye. Siku moja nilimwuliza Delphine kama alikwisha kumsamehe. Akasema, "Ananiuliza hivyo hivyo kila Pasaka. Namwambia bado. Nikisema ndiyo, atapata kiburi."

Tunatoa pole kwa Janelle na mumewe, kwa wajukuu na vitukuu, kwa Marcia na wadogo zake, na kwa ukoo wote wa Kvamme na wa Brekke. Mungu awape nguvu.

Na tunatoa pole kwa Delphine Brekke, mwenye miaka themanini na minane. Jana nilimpigia simu. Nikamwuliza kama ana neno kwa ajili yenu.

"Kanisa lilijaa, Loren," akasema. "Watu walisimama ukutani. Niliketi mbele nikageuka kuangalia, nikamwonea gere. Hata kwa hili amenitangulia." Kisha akasema, "Mimi nikifa, hakuna aliyebaki wa kunionea wivu."

Wasikilizaji wapendwa, tafakarini hilo leo mkiwa mezani. Kila mmoja wetu ana mtu ambaye mafanikio yake yanamkera. Mtazameni mtu huyo vizuri. Huenda naye anawapima ninyi, na hakuna mwingine duniani aliyewahi kuwaangalia kwa makini namna hiyo.

Delphine anaishi kwenye nyumba ya njano nyuma ya ghala la nafaka. Hodi hupigwa mlango wa jikoni. Atawaambia kwamba hapendi wageni. Ingieni hivyo hivyo.