Horace Trewin na Kipande cha Mtoni

Marehemu Horace Trewin alizaliwa tarehe 9 Mei 1878 huko Bathurst, mtoto wa tatu wa mkata manyoya ya kondoo, akasoma hapo hapo mpaka walimu wakamchoka, na mwaka 1899 akaingia Sydney, kwenye studio ya picha, ambako sura yake iliwaliza watoto wachanga hadi mwajiri akaona heri ampeleke kwenye filamu.

Huko alikuwa miongoni mwa watangulizi, kwani kamera zilizungushwa kwa mkono, na mkono wake haukuchelewa wala kuharakisha, naye alishika sheria moja ya kazi, kwamba mpiga picha hasimami mpaka mwongozaji aseme basi.

Tarehe 12 Aprili 1906 alimwoa Muriel Cobbold, dada wa Leonard, anayewasomea haya, na wa Cecil, mpanda farasi hodari, wakajaliwa binti mmoja, Ivy.

Juni 1913, wakipiga filamu ya majambazi karibu na Penrith, Cecil aliruka na farasi kwenye mto uliofurika, farasi akatoka peke yake, mwongozaji akaduwaa mdomo wazi, na kwa kuwa hakuna aliyesema basi, Horace aliendelea kuzungusha kamera, shemeji yake akainua mkono mara mbili, halafu hakuinua tena.

Filamu ilijaza kumbi. Muriel alimwomba akichome kipande kile cha mtoni, watu wasiendelee kutafuna karanga huku kaka yake anazama, naye akajibu, "Lakini mke wangu, umeuona ule mwanga juu ya maji?" Muriel akamwambia, "Wewe si mtu, Horace, wewe ni stendi ya kamera," na marehemu, tuseme kweli, alijisikia amesifiwa.

Mwaka 1930 sauti ziliingia kwenye filamu, mota zikachukua nafasi ya mkono, akaachishwa kazi, akarudi nyumbani na nakala ya mwisho ya kipande kile, akailaza chini ya kitanda cha ndoa.

Agosti 1934 kiharusi kilimchukua ulimi na viungo, kikamwachia macho, na mbele ya macho hayo Muriel aliitia nakala ile mekoni, ikawaka kama petroli, na Horace, ambaye kwenye maziko ya Cecil alilalamikia mawingu tu, akalia. Alifariki tarehe 3 Septemba.

Tunamshukuru Daktari Pascoe, majirani waliokuja mbio na ndoo za maji, na wafanyakazi wenzake, ambao tunasikia wamekuja wakitarajia kukiona kipande kile jioni hii. Poleni, kuna chai tu.

Macho yako aliyafumba Muriel mwenyewe, Horace. Lala salama.