Shingo Yangu Haikurogwa

Wamama wenzangu, leo sianzi na wimbo. Mnaona hii shingo inageuka? Mwaka jana nikiitwa, nilikuwa nageuka mwili mzima kama kabati.

Nilikuwa navusha mahindi kutoka upande wa Uganda mpaka hapa Busia, gunia kichwani, mtoto mgongoni. Shingo ikaanza kuuma asubuhi tu. Halafu maumivu yakashuka begani, vidole vikafa ganzi. Nikamwambia baba watoto. Akacheka. "Umekuwa kobe?" Watoto wa ploti wakaokota hilo jina. Mama Kobe! Na yeye akacheka nao.

Mama mkwe akasema ni jicho la mtu. "Kuna mwenye anakuonea wivu." Wivu wa nini, nawauliza nyinyi? Wa gunia? Akaniletea mzee wa kuumika. Akanichanja shingo na wembe, akabandika pembe ya ng'ombe, akafyonza damu, akatema kakokoto. "Hiki ndicho kilikuwa kinakuuma." Kokoto ya barabarani, hata lami ilikuwa nayo! Damu haijakauka, mama mkwe akanitwika gunia. "Umepona. Twende kazi."

Nikaenda, mjinga mimi.

Jioni hiyo nilimwinua mtoto nimnyonyeshe. Mkono ukalegea. Mtoto akaanguka, kichwa kikagonga kizingiti. Baba yake akaniambia, "Hata mtoto huwezi kushika. Wewe ni wa nini?"

Nilikimbia naye hospitali. Daktari akampima, akasema yuko sawa. Halafu akaona zile chale shingoni mwangu. "Mama, huwa unabeba nini kichwani?" Ndugu zangu, nawaambia, hakuna mtu alikuwa ameniuliza hilo. Akasema gunia linakandamiza shingo mpaka mshipa wa mkono, mtoto mgongoni anavuta, na furushi la nguo nalalia kama mto linamalizia usiku. Niache mzigo, nifanye mazoezi. Nisipoacha, huo mkono nitausahau.

Nyumbani wakauliza nani atabeba. Nyinyi ndio mlikuja. Mlinifulia, mkanibebea mtoto, mkanisukuma mazoezini nikilia, mkaniletea wilbaro ya kusukumia magunia. Asanteni. Leo namwinua mwanangu kwa mkono huu huu.

Na wewe mwenye unaambiwa umerogwa, angalia kwanza nani anakutwika.

Siku hizi mama mkwe anabeba gunia lake mwenyewe. Juzi alikuja ameshika shingo. "Mwanangu, nisaidie na wilbaro."

Nikamuuliza, "Mama, nani anakuonea wivu?"

Wilbaro iko pale nje. Sikumpa.