Maswali Matatu ya Bwana Faraji Mnunduma

Bwana Faraji Mnunduma anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kuutumikia Ushirika wa Wakulima Pwani ya Ruvuma kwa miaka thelathini na saba na miezi minne. Katika kipindi hicho amechelewa kazini mara moja, siku alipozaliwa mwanawe wa tatu, na aliandika barua ya kujieleza kabla hajaombwa. Barua hiyo ipo kwenye jalada lake. Imeandikwa vizuri.

Alianza kama karani wa ghala, akihesabu magunia. Baadaye akahamishiwa masjala, hapa makao makuu Mtwara mjini, alikokaa miaka ishirini na minne. Kuja kwake kwenye kitengo cha mifumo ya kompyuta hakukutokana na maombi. Chumba cha masjala kilihitajika kwa ajili ya mitambo, mafundi walipofungua mlango wakamkuta ndani, na uongozi ukaona ni rahisi kumwandikia barua ya uhamisho kuliko kumtafutia chumba kingine. Ndivyo tulivyompata mchambuzi wetu wa mahitaji, yaani mtu wa kuwauliza watu wanataka mfumo uwafanyie nini, miaka sita iliyopita.

Kitengo chetu kinafanya kazi kwa mizunguko ya wiki mbili. Kila mzunguko tunajenga kipande cha mfumo, tunawapelekea wakulima wakijaribu, tunarekebisha. Kila asubuhi tunakutana kwa dakika kumi na tano tukiwa tumesimama, ili kikao kisirefuke. Bwana Faraji alihudhuria vikao vyote akiwa amekaa, kwa sababu ya goti, na ndiye aliyeongea kidogo kuliko wote. Kabla ya kujenga chochote tunachora mambo yenyewe yalivyo: visanduku vya mkulima, shamba, ghala na mzigo, na mistari inayoonyesha nani anahusiana na nini. Vitabuni mchoro huo una jina refu. Bwana Faraji aliuita picha ya kazi, na hakuiamini picha ya mtu ambaye hajaenda kuuliza.

Yeye mwenyewe hakuchora. Alipanga mezani viberiti, korosho na vipande vya uzi, na kwenye kila uzi aliuliza maswali yale yale matatu. Mmoja tu? Au wengi? Na asipokuwepo? Wenzangu walizoea. Mimi, nakiri, yalinichosha.

Jina langu Agnes, natoka Njombe, ambako ninayajua mahindi na maparachichi. Mwaka juzi nilipewa kazi ya kuchora picha ya uandikishaji wa wakulima wa salfa, ile dawa ya unga inayopulizwa kwenye mikorosho ili ugonjwa wa ubwiri unga usiue maua. Asiyeandikishwa hapati salfa, na asiyepata salfa msimu wake umekwisha kabla haujaanza. Nikachora shamba moja, mkulima mmoja. Bwana Faraji akauliza kama ni mmoja tu. Nikajibu ndiyo bila kuinua uso kutoka kwenye kompyuta. Jamani, ningeinua tu uso.

Bi Nasra alikuja kutoka kijiji kimoja kando ya Mto Ruvuma, siku nane kabla ya orodha kufungwa. Ana mikorosho arobaini na miwili aliyoipanda kwa mikono yake kwenye ardhi ya kaka yake. Huku kusini hilo ni jambo la kawaida: ardhi inaweza kuwa ya huyu na miti ikawa ya yule, na kijijini kila mtu anaijua miti ya kila mtu. Mfumo wetu haukujua. Kaka mtu alikuwa ameshaandikishwa, na Bi Nasra alipofika kwa karani, mashine ikajibu kwamba shamba hilo lina mwenyewe. Sasa alikuwa amekaa kwenye benchi letu la wageni, kitambulisho mkononi.

Bwana Faraji alimsikiliza, akamwagizia chai, kisha akaja mezani kwangu. Akaweka kiberiti kimoja, akazipanga korosho juu yake. Nikasubiri kukaripiwa.

"Mwanangu Agnes, mchoro wako mzuri. Bi Nasra umemweka wapi?"

Sikuwa nimemweka popote. Nilitamani sakafu ipasuke.

Mkuu wetu, Bwana Lukasi, hakutaka mzunguko uvunjwe, na alikuwa na sababu: siku zilikuwa nane tu. Bwana Faraji hakubishana. Alikwenda kwenye makabati ya masjala, ambayo siku hizi yako koridoni, akarudi na daftari la kuandikisha wakulima la mwaka 1997. Lilikuwa na nafasi ya jina moja kwa kila shamba, na mwandiko ulikuwa wake. Akatueleza kwamba mwaka ule aliwarudisha watu kadhaa, mmoja wao mama yake mdogo, ambaye maua ya mikorosho yake yalikauka yote. Mama huyo hakumsemesha kwa misimu miwili, ingawa walikuwa wakiishi nyumba moja. Huko ndiko maswali matatu yalikotoka. Bwana Lukasi alilipitia daftari, kisha akaufuta mpango wa mzunguko ubaoni.

Tuliongeza kisanduku kimoja, cha miti, kati ya shamba na mkulima. Kukichora kulichukua dakika moja. Kurekebisha yaliyofuata kulichukua siku sita, na siku hizo Bwana Faraji aliwapigia simu makarani wa vijiji kumi na kimoja, akiwauliza walimrudisha nani. Walikuwa watu mia tatu kumi na wanne, wengi wao wanawake. Wote waliandikishwa. Bi Nasra alipata mifuko yake miwili ya salfa, na mikorosho ikazaa. Alituletea korosho za kukaanga. Bwana Faraji alizihesabu kabla ya kula.

Amepata cheti cha mfanyakazi bora mara mbili. Vyote viwili amevihifadhi kabatini, herufi M.

Sasa anakwenda nyumbani Likombe kwa mkewe, Bi Hawa, na kwa mikorosho yake sitini iliyoko kwenye ardhi ya ukoo wa Bi Hawa. Tumekagua, na kwenye mfumo imekaa sawasawa. Yeye amekagua mara tatu.

Ahsante sana, Bwana Faraji. Mungu akupe afya, goti litulie na maua yashike. Jumatatu ijayo tunaanza picha mpya, ya maghala, na kiti chako hatukiondoi. Maswali mawili ya kwanza tutayamudu. Lile la tatu, asipokuwepo, tulilijadili jana asubuhi kikaoni, na dakika kumi na tano zikaisha tukiwa tumesimama, tunakitazama kiti hicho.