Ubeti Uliobaki Suguti

Baba Paroko, viongozi wa serikali ya kijiji hapa Mugango, walimu na wanafunzi mliotoka Musoma mjini, majirani wa Nyasura mliokuja kutoka Bunda kuzika nasi, ndugu na jamaa wote, kwa niaba ya ukoo wa Mzee Mugeta wa Butiama na ukoo wa Mzee Nathanieli wa hapa Mugango, anayesimama mbele yenu ni Chrispin, mdogo wake marehemu. Sehemu kubwa ya historia hii marehemu aliikagua mwenyewe akiwa kitandani, akafuta sifa alizoona zimezidi, akamwambia mdogo wake asome polepole na asilielie katikati, kwa hiyo mtuvumilie, agizo la kwanza tutalitimiza, la pili hatuahidi.

Marehemu Sabina Mugeta alizaliwa tarehe 22 Agosti 1979, kijijini Butiama, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Mugeta na Mama Gaudensia, akabatizwa mwaka uliofuata wakati wa Pasaka. Mama yetu husema kwamba mtoto huyu akishika kitu mkononi ilikuwa kazi kumnyang'anya, hata kama ni kijiko cha jirani, na sisi tuliokua naye tunathibitisha kwamba mkono ule haukulegea mpaka juzi.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1987 hapo hapo Butiama, akahitimu la saba mwaka 1993, akajiunga na sekondari Musoma mjini mwaka 1994 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1997. Miaka hiyo alipenda sana michezo ya kuigiza ya redioni, akirudi likizo anatusimulia yote aliyosikia, sauti ya mama mkwe ni yeye, ya mlevi ni yeye, na kila akifika mahali patamu anakatiza, anakunja mikono, haendelei mpaka mmoja wetu aende kuchota maji. Hatukujua wakati ule kwamba hiyo ni mbinu inayofundishwa vyuoni, sisi tulijua ni uonevu.

Mwaka 1999 alihamia Bunda, akaanza kuuza kanda za muziki karibu na stendi, kanda zilipopitwa na wakati akauza sidii, na simu zilipoenea akafungua kibanda chake Nyasura cha kurusha nyimbo, mtu analeta simu au memori kadi, anachagua, anarushiwa, anaondoka akicheza. Watu wakamwita Mama Nyimbo, na wengi wenu mliokaa hapa mna nyimbo alizowarushia kwa mkono wake. Tarehe 12 Oktoba 2002 alifunga ndoa takatifu na Ndugu Fredi Nathanieli, fundi umeme, mzaliwa wa hapa Mugango, ambaye aliitwa kutengeneza spika moja ya kibandani na kwa sababu zake mwenyewe akaitengeneza kwa wiki nzima. Mungu aliwajalia watoto wawili, Gody aliyezaliwa mwaka 2004 na Benedikta aliyezaliwa mwaka 2009.

Mwaka 2008 kijana mmoja alifika kibandani na simu yenye wimbo aliourekodi harusini Suguti, wimbo wa Kijita wa mama anayemsindikiza binti yake kwenda kuolewa, anamwimbia mpaka mlangoni, na binti anapofika mlangoni simu ilijaa, wimbo ukakatika hapo. Sabina aliupenda, akauingiza kwenye kompyuta yake, na kwa kuwa kijana hakujua ni wa nani, na folda ya nyimbo za kienyeji ilikuwa na sita, akauandika Asili Saba. Jina hilo likatoka Nyasura likaenda na simu za watu, harusi zote za Bunda zikawa hazinogi bila Asili Saba, redio zikautangaza kwa jina hilo hilo, na kila aliyeuliza aliambiwa ni wimbo wa mababu, tumeukuta.

Mwezi Oktoba mwaka 2021, akiwa na miaka arobaini na miwili, aliwashangaza wengi kwa kujiunga na chuo kimoja cha habari Musoma mjini. Watu wa Nyasura walimuuliza anaenda kutafuta nini huko kwenye darasa la watoto wadogo, akawajibu kwamba anaenda kutafuta alichokiacha kidato cha nne. Alipenda masomo mawili kuliko mengine, mbinu za tamthilia ya televisheni na masuala ya tasnia ya muziki, na la kwanza tulilisoma wote bila kujiandikisha, maana nyumba yake iligeuka studio, shemeji Fredi akirudi kazini anarudishwa nje, "Toka uingie tena, umeingia kama mtu anayejua chakula kipo," naye kwa upendo aliokuwa nao alitoka akaingia tena. Alitufundisha lini kamera imsogelee mtu usoni na lini imwache na aibu yake kwa mbali, na kwamba sehemu ya tamthilia ikatwe pale ambapo mtazamaji ameshavuta pumzi na hajaitoa.

Somo la pili lilimgusa pabaya. Mwalimu Mwikwabe, ambaye yuko nasi hapa, alikuwa akieleza habari za hakimiliki, nani anatajwa na nani anasahaulika, akafika kwa watu wa vibanda wanaorusha nyimbo bila kumuuliza mtunzi wala kumtaja, akawasema vikali, na darasa likacheka. Sabina alinyoosha mkono, akasimama, akasema, "Mwalimu, hao unaowasema ndio mimi, endelea, nasikiliza." Jioni ile alimpigia simu mdogo wake, hakusalimia, alisema tu kwamba huenda Asili Saba una mwenyewe, na kama yupo hai, basi yeye Sabina ndiye aliyemgeuza marehemu.

Kazi yake ya mwisho ya chuo, mwaka 2024, ilikuwa tamthilia fupi ya dada wawili waliogombania kiwanja, akaipiga picha hapa Mugango mwaloni, ufukweni, katikati ya dagaa walioanikwa, na kule Nyasura, waigizaji wakiwa wanafunzi wenzake na majirani. Mwishoni dada mdogo anaondoka, na wimbo unaopigwa ni huo huo wa Asili Saba. Ilibaki kuandika majina ya walioshiriki mwishoni kwenye kioo, na Mwalimu Mwikwabe, kwa nia njema na kwa sababu tarehe ya kukabidhi ilikuwa imefika, alimshauri aandike Wimbo wa Asili, amalize, ahitimu na wenzake. Sabina alikataa. Alisema maneno hayo alishayaandika mara moja na yalimtosha.

Mwezi ule ule wa kukabidhi kazi, tarehe 9 Septemba 2024, madaktari walimweleza kwamba ana saratani ya kizazi na kwamba imeshasogea. Familia ilimsihi akabidhi kazi ilivyo, apate cheti, apumzike, mama yetu akalia mbele yake, na yeye alitusikiliza wote vizuri kabisa, kisha akauliza nani ana nafasi ya kumpeleka Suguti. Wenzake walihitimu mwezi Novemba, yeye siku hiyo alikuwa hospitalini anapata tiba, na alipopata nguvu kidogo alikwenda.

Kule Suguti kwanza alikosea, maana aliuliza nani aliutunga, na kila aliyeulizwa alisema ni wa mababu, wengine wakauimba kwa furaha, na wote wakaishia mlangoni. Ndipo akagundua kitu ambacho mtu asiyeuza nyimbo asingekigundua, kwamba hawa wote wamejifunza kwenye simu, wanajua mpaka pale simu ya yule kijana ilipojaa, na kwamba mwenye wimbo ni yule atakayepita mlango. Kuanzia hapo hakuuliza tena mtu swali, aliingia kwenye boma, akasalimia, akapiga wimbo, akaukata pale pale binti alipofika mlangoni, akakunja mikono akingoja, kama alivyotufanyia sisi kwa ajili ya maji. Alikwenda hivyo kila alipopata nafuu, Desemba na Januari, shemeji akiendesha pikipiki taratibu na Benedikta akiwafuata nyuma kwa bodaboda, na majibu yakawa kicheko, au watu kuurudia mwanzo.

Tarehe 28 Januari 2025 walipita kwenye shamba la mihogo ambako mama mmoja mzee alikuwa akipalilia, hakuwa hata anawatazama, Sabina akapiga wimbo, akaukata, na yule mama bila kuinua kichwa akaendelea, ubeti mzima, mpaka mwisho, kisha akauliza kwa nini wameuzima kabla haujaisha. Huyo ni Bibi Marieta Nyamhanga. Alipoelezwa kwamba Bunda yote inajua wimbo huo ni wa mababu, alishika kiuno, akasema, "Mababu gani? Mimi nilikuwaga nauimba hapa hapa nikipalilia, mwanangu wa kwanza anaolewa nikauimba, watu wakaushika. Sasa mmeniweka na mababu na mimi bado nakula ugali?" Shemeji Fredi anasema Sabina alikaa chini kwenye tuta, akacheka huku analia, akamwomba radhi, na bibi akamwambia aache mambo hayo, ashike jembe la pili.

Kazi ilikabidhiwa mwezi Februari, ikafaulu vizuri, na Jumapili ya Pasaka, tarehe 20 Aprili 2025, kituo kimoja cha mtandaoni cha hapa Musoma kiliionyesha. Siku hiyo Sabina alikuwa kwake Nyasura, hawezi tena kukaa bila kuegemezwa, na Bibi Marieta alikuwa ameletwa akakaa kitandani pembeni yake. Kwa kuwa bibi hajui kusoma, Sabina alikuwa ameagiza kwamba jina la mtunzi, la kwanza kabla ya lake mwenyewe, lisiandikwe tu bali litamkwe kwa sauti, na lilipotamkwa, Marieta Nyamhanga wa Suguti, bibi aliitika, "Abee," kama mtu aliyeitwa nyumbani kwake. Tulicheka wote, na Sabina alicheka kuliko sisi, na tunapenda mjue kwamba hiyo ndiyo furaha ya mwisho kubwa tuliyomwona nayo.

Baada ya hapo hali ilibadilika. Alilazwa mwezi Mei, akarudishwa nyumbani kwa ombi lake, na hata hapo kila aliyekuja kumwona aliambiwa alete simu, naye Sabina akautafuta wimbo, akalifuta jina la Asili Saba na kuandika lile la haki, mpaka vidole vilipokataa, ndipo Benedikta akapokea kazi hiyo. Sabina alifariki dunia Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, alfajiri, Nyasura, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mume wake. Ameacha mume, watoto wawili, wazazi wote wawili na ndugu zake sisi, tunaouma meno. Cheti chake kitatolewa Novemba, na Gody ndiye atakayekwenda kukipokea, amevaa suti ya baba yake, kama mama alivyoelekeza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu kwa moyo Musoma na Mwanza, majirani wa Nyasura waliopika na kufua bila kuombwa, jumuiya ndogondogo kwa sala zenu, walimu na wanafunzi wenzake, na kwa namna ya pekee Mwalimu Mwikwabe, aliyemsogezea tarehe na baadaye akasimama mbele ya darasa akasema kwamba mwanafunzi alikuwa sahihi. Yeyote ambaye simu yake bado ina Asili Saba, amwone Benedikta kabla hajaondoka hapa, hilo ni agizo la marehemu.

Agizo lake jingine ni juu ya wimbo utakaoimbwa sasa jeneza likinyanyuliwa. Alimkanya mdogo wake asithubutu kusema ni wa asili, na alitaka uimbwe wote, usikatwe mlangoni. Wimbo huu ulitungwa na Marieta Nyamhanga wa Suguti, yule pale kwenye kiti, mzima wa afya, na ndiye atakayeuongoza. Kwa wasiojua Kijita, ubeti ambao hamkuwahi kuusikia unasema hivi, binti akifika mlangoni anageuka, mama anadhani ameshindwa kuondoka, kumbe anarudi kuchukua jembe lake, anamwambia mama asilie, huko ninakokwenda nako kuna shamba.

Jembe lako umelichukua, dada. Pumzika kwa amani.